Matanga ya Mtu Mmoja

Jumatatu, 11 Julai 1955

Viazi vya michembe nimekata nusu. Kisu butu. Nimevitandaza vikauke juu ya jiwe nyuma ya nyumba, kuku wanavikanyaga, nimewatupia kigongo. Vumbi tangu asubuhi.

Kaburi la Kabula limetitia upande wa miguuni. Nimeongeza udongo mwenyewe. Alikuwa mkwe wangu miaka yote hii na hatukupendana sana, nisiseme uongo. Lakini alikuja kufia kwangu. Alitoka Geita, kwenye mgodi anakofanya kazi mwanangu Nkwabi, akashuka kwenye treni miguu imevimba, akalala, hakuamka. Nimemzika karibu na zizi kama mtu wa nyumba. Matanga yameanuliwa. Nkwabi kanyolewa, karudi mgodini.

Amebaki Luka. Mwanawe Kabula. Mjukuu wangu, nimemlea mimi tangu aachishwe kunyonya. Yuko chuo kikuu, ng'ambo ya ziwa, anasomea udaktari. Kapelekewa habari. Hajaja. Hajatuma hata neno.

Mama yake mzazi.

Alhamisi, 14 Julai 1955

Kisimani Mama Shija kaniuliza mbele ya watu, "Mama Nkwabi, huyo msomi wenu anangoja mwaliko wa Malkia ndiyo aje kuzika?"

Nikamwambia wa kwako yupo hapa kila siku, hajazika mtu wala hajaotesha hata mchicha.

Wamecheka. Lakini nilirudi na ndoo nimeumia. Kasema kweli. Huyo jirani yangu mdomo wake kama wangu, ndiyo maana hatuelewani. Naandika humu kwa sababu nikisema nje nitatukana.

Mwaka juzi walicheza ngoma hapa uwanjani Luka alipochaguliwa. Hakuna mwingine katika vijiji vyote hivi. Watu nisiowajua waliniamkia njiani. Nilitembea kama bibi harusi. Sasa natembea naangalia chini. Kwa ajili yake.

Jumanne, 19 Julai 1955

Nimekwenda Shinyanga mjini kununua chumvi. Nikamkuta Salum dukani kwake. Huyu ndiye aliyebeba neno. Ni mtu wa pwani, anauza kanga, na kila anapokwenda kufuata vitambaa anapanda meli Mwanza anavuka ziwa. Nkwabi alipopita kuja kuzika alimwambia, kamwambie mwanangu mama amefariki.

Nikamuuliza ulimwona au ulipita tu?

"Shikamoo kwanza, bibi," akasema. Nikaitikia. Akasema alimkuta mlangoni mwa chumba chake. Akamwambia kwa mdomo wake mwenyewe. Luka akashika mlango. Hakulia. Akasema asante, akaufunga.

Asante! Anaambiwa mama yako kafa, anasema asante.

Salum kasema tena, "Bibi, kijana hakuniridhisha. Amekonda."

Nikamwambia watu wa pwani mna maneno mengi. Nikachukua chumvi yangu.

Jumapili, 24 Julai 1955

Kanisani nimesali kwa hasira. Sala ya hasira haifiki, najua.

Likizo iliyopita Luka alikuja kimya. Nikamuuliza huko mnakula nini. Ndizi. Mnalala wapi. Kila mtu chumba chake, kitanda chake, taa yake. Nikaenda kujisifu kijiji kizima, mjukuu wangu ana chumba peke yake kama Mzungu. Yeye hakujisifu. Nilidhani ni adabu.

Akija sitampikia.

Jumatano, 3 Agosti 1955

Luka amekuja. Niandike taratibu.

Nilikuwa natoka kisimani. Nikasikia mtu analia kwenye zizi langu. Kilio cha mwanamume, kile kibaya kisichozoea kutoka. Nikaona koti. Mtu kapiga magoti kaburini, kashika udongo kwa mikono miwili, anasema Mama, Mama, nisamehe Mama. Viatu vizuri vimejaa mavi ya ng'ombe. Sanduku limelala ubavu.

Hasira zote zikanipanda shingoni. Nikatua ndoo. Nikasema, "Sasa ndiyo unakuja?"

Akageuka.

Sijaona uso wa mtu ukifanya vile. Alinitazama kama ng'ombe anavyotazama moto. Akarudi nyuma kwa makalio mpaka miba ya zizi ikamshika koti. Nikadhani kachanganyikiwa. Nikamwambia amka, unachafua nguo. Hapo akacheka. Akanirukia, akanishika kichwa, masikio, akanipapasa mikono kama mtu anayenunua mbuzi. Anacheka na kamasi zinamtoka. Uko hai Mama, uko hai. Nikamwambia kwa nini nisiwe hai, mpumbavu wewe, niachie shingo.

Akacheka zaidi. Alicheka sana. Mama Shija alichungulia kwenye ua wa minyaa.

Kisha akaniachia. Akalitazama kaburi. Akauliza pole pole, "Sasa hapa kalala nani?"

Ndipo nikaelewa.

Sisi kwa Kisukuma mama ni bibi. Aliyekuzaa ni mayu. Luka tangu aanze kusema, Mama ni mimi, hana mwingine. Kabula alikuwa mayu, mayu wa Geita. Nkwabi alitoa neno kwa Kiswahili, mama amefariki. Salum wa pwani, kwake mama ni mama. Kalibeba vile vile, kalifikisha vile vile. Hakuna aliyesema uongo. Na mtoto huko ng'ambo akanililia mimi.

Nikamwambia. Sikuzunguka, sijui kuzunguka. "Ni mayu wako. Kabula."

Hakulia. Alikaa chini pale pale, mkono mdomoni, kama mtu anayezuia kicheko kisitoke tena.

Alhamisi, 4 Agosti 1955

Hajala. Kageukia ukuta.

Na mimi niandike ukweli wangu, humu hakuna wa kunisuta. Jana nilipojua kwamba aliyekuwa analiliwa ni mimi, moyo wangu ulifurahi. Kabula yuko chini ya udongo na mimi nilifurahi kama nimemshinda. Mzee hovyo mimi.

Jumatatu, 8 Agosti 1955

Leo kasema. Nilikuwa napepeta karanga, nimempa mgongo. Kama ndama, ukimtazama hanyonyi.

Anasema Salum alipoondoka alikaa kitandani mpaka kukapambazuka. Asubuhi ilikuwa mtihani. Akaenda. Akaandika jina lake, basi. Alikaa mbele ya karatasi mpaka zikakusanywa.

Zaidi ya kuwadokeza wenzake wachache hakumwambia mtu. Nikamuuliza kwa nini. Akasema nimwambie nani. Kila mtu na mlango wake. Mmoja alimwambia pole akiwa anatembea, hakusimama. Alitaka kulia lakini ukuta ni mwembamba na wa upande wa pili alikuwa anasoma. Akajaza shuka mdomoni.

Shuka mdomoni. Nimelea mtoto miaka yote ili akalie kwenye shuka kama mwizi.

Sisi mfiwa hafungi mlango. Mlango wa mfiwa unaachwa wazi, hata mbwa akitaka kuingia aingie. Watu wanakuja wanakaa, hawasemi kitu cha maana, wanakohoa, wanakula, wanaondoka, wanakuja wengine. Ujinga mtupu ukitazama. Lakini huachwi peke yako na kifo. Huko wamejenga nyumba kubwa, wameweka vitabu mpaka darini, hakuna hata mtu mmoja wa kukaa chini na mfiwa.

Kwa nini hakuja siku ile ile? Hakuomba ruhusa. Wenzake walimwambia ruhusa ya msiba ni kwa mzazi, bibi haimo. Naye alidhani ni bibi. Angejua ni mayu wake angepewa, angepanda meli. Neno lile lile likamfungia mlango mara mbili.

Mwishowe alianguka njiani akienda kula. Daktari akampa vidonge vya usingizi. Mzungu anayesimamia bweni akamwandikia arudi nyumbani apumzike, nafasi yake itamngoja mpaka muhula wa Oktoba. Nimeuliza mbaya huyo Mzungu? Anasema hapana. Alimwuliza bibi yako alikuwa na umri gani. Luka akasema mzee. Akasema basi, ameishi maisha yake.

Sijaishi bado, mwambieni.

Ijumaa, 12 Agosti 1955

Mama Shija kaniletea mfumu, mganga wa kupiga ramli kwa kuku, bila kuitwa. Mimi mtu wa kanisa. Nimemwacha aingie, nimechoka. Kampasua kuku, katazama mabawa, kasema kuna mkono wa mtu upande wa ukoo wa mayu wake Luka. Nikamwambia upande huo wote wako Ushetu wanalima tumbaku, hawana nafasi ya kumroga mtu. Nimemfukuza. Kuku nimempika.

Luka kala mchuzi, vijiko vichache. Nyama kaacha.

Ameniuliza kitu. "Mama, mtu akicheka juu ya kaburi la aliyemzaa, anaitwaje?"

Nikamwambia anaitwa Luka, nenda kalete kuni.

Hakwenda kuleta kuni.

Jumatano, 17 Agosti 1955

Kanawa uso leo. Kisha kalala tena. Mbavu zinahesabika. Alikuwa na mashavu huyu.

Watu hawanisalimii tena kwa kirefu. Wangaluka, basi, wanapita. Wanasema msomi kacheka kaburini. Wanasema elimu imemla kichwa. Walewale waliocheza ngoma.

Jumapili, 21 Agosti 1955

Nkwabi ametoka Geita. Maneno yamemfikia huko, kwenye vilabu vya wachimbaji maneno hufika kabla ya treni. Kaingia hajanisalimia.

"Nasikia mwanangu alimcheka mke wangu kaburini."

Nikamwambia kaa. Hakukaa. Akasema kesho Luka anafuatana naye Geita, kazi ipo. "Shimoni hakuna anayepata wazimu. Hakuna nafasi ya kugeukia ukuta."

Nikamwambia wewe ndiye chanzo. Umetupa neno kwa mtu wa pwani kama mzigo wa chumvi. Ungetaja jina. Kabula amefariki. Neno moja.

"Nilisema mama. Ana mama wangapi huyu?"

Luka alikuwa amesimama mlangoni. Alimtazama baba yake, akanitazama mimi. Baba yake anajua jibu. Ndiye aliyemleta kwangu mdogo, kafungwa mgongoni kwa mayu wake, akasema huko kwenye migodi si mahali pa mtoto. Kabula alilia njia nzima kurudi stesheni. Nilisikia. Sikumwita arudi amnyonyeshe mara ya mwisho. Mambo ya kawaida, kila mtu hapa kalelewa na bibi yake. Lakini leo yalikaa katikati ya nyumba kama mzoga.

Jumatatu, 22 Agosti 1955

Asubuhi Luka hayupo. Nikajua pa kwenda. Sijui nilijuaje.

Alikuwa lamboni. Ndani ya maji, kifuani, na koti lake la chuo. Ng'ombe bado hawajaletwa kunywa. Hakuna mtu.

Mimi sijui kuogelea. Nilitaka kusema maneno mazuri. Kilichonitoka ni, "Toka humo. Hayo maji ng'ombe wanakunywa."

Hakutoka. Hakugeuka.

Nikaingia. Baridi. Tope linashika miguu kama mkono. Nilimtukana nikitembea, nilitukana kila kitu, chuo, meli, Salum, Kiswahili chenyewe. Maji yaliponifika kiunoni niliteleza nikaanguka. Akageuka akaona anayezama ni mimi. Akaja. Alinitoa yeye.

Tukarudi nyumbani. Nguo zinadondosha maji, Mama Shija katuona, mara hii akatupisha njia.

Nkwabi alikuwa uani ananoa panga. Alitutazama tulivyolowa. Panga likaanguka. Kaacha kusema habari za Geita.

Kuanzia leo Luka hachoti maji. Nitachota mimi.

Alhamisi, 25 Agosti 1955

Nimekwenda kwa wazee. Nimewaambia nataka matanga ya Kabula yakae tena, kwa ajili ya mwanawe. Wakatazamana. Mkubwa wao akasema, "Mama Nkwabi, matanga yakianuliwa hayatandikwi tena. Anayelia mara mbili anaita kifo cha pili."

Nikamwambia cha pili kimeshakuja bila kuitwa, kiko kwangu kinanilalia ndani. Nataka kukifukuza.

Akasema huo ni ukaidi wa mwanamke.

Nikasema ndiyo.

Wamekataza watu wasije. Katekista naye kasema tusali tu, yanatosha. Tutasali. Na mkeka nitatandika.

Jumapili, 28 Agosti 1955

Matanga yamekaa. Matanga ya mtu mmoja.

Nilifungua mlango wote, nikautoa kabisa kwenye bawaba zake, nikauegemeza ukutani. Nikatandika mkeka. Nikamkalisha Luka katikati. Siku ya kwanza tulikuwa mimi na yeye, na Nkwabi nje kakaa juu ya kinu, katupa mgongo. Watu wanapita njiani wanatazama mbele kama farasi. Nilipika ugali wa watu wengi kwa ubishi. Umekula mbwa.

Nilikaa nikidhani wazee wameshinda.

Jana mchana kaja Salum na mkewe Mwanaidi, habari zimewafikia dukani. Wamekodi baiskeli mbili kutoka mjini, mwanamke mnene yule juu ya baiskeli, jasho linatiririka, mfuko wa sukari kifuani. Salum akavua viatu mlangoni. Akakaa chini mbele ya Luka.

"Mwanangu, neno lilikuwa la kwenu. Mimi punda tu, nilibeba. Lakini punda nilikuona umeshika mlango nikaondoka, nikawahi meli. Hilo ni langu. Nisamehe."

Luka kainamisha kichwa. Salum hakuongeza. Alikaa. Nilimwambia siku ile ana maneno mengi. Jana alikaa mpaka jua likapinduka hakusema kitu.

Mwanaidi ndiye aliyesema. Alimwuliza Luka kama anauliza bei ya nyanya, "Mama yako alikuwa mtu wa namna gani?"

Hakuna aliyekuwa amemwuliza hivyo. Hata mimi.

Luka akafungua mdomo. Akasema, "Simjui."

Akasema alikuwa anakuja na shati jipya, yeye anajificha nyuma yangu. Akasema hajui alikuwa anapenda kula nini. Hajui alikuwa anacheka vipi. Hamjui. Anasema simjui, simjui, na sauti inapanda.

Ndipo kutoka nje, bado katupa mgongo, Nkwabi akaanza kusema.

Anasema Kabula alikuwa akipika maandazi kambini Geita, wachimbaji wanapanga foleni kabla ya zamu. Mmoja alimshika kiuno, akampiga mwiko wa moto usoni, alama anayo mpaka leo, wanamwita Mwiko, mwenyewe anaitika. Kila mchimbaji aliyekuja na kidonda Kabula alikiosha kwa maji ya chumvi, anasema mwanangu ni daktari, mimi nafanya mazoezi. Hakuna dawa, hakuna kitu. Chumvi. Wanapiga kelele anawaambia nyamaza, daktari wangu hapendi kelele. Alikuwa akicheka anashika mbavu, anakaa chini kabisa, hawezi kusimama.

Luka akacheka. Kwa yule Mwiko. Alicheka kidogo akajishtukia, akaweka mkono mdomoni. Mwanaidi akautoa ule mkono. Akauweka magotini kwake akaushika hapo.

Basi kikatoka. Kilio. Siyo kile cha zizini. Hiki kilikuwa na jina, alisema Mayu. Nilikuwa sijamsikia akisema neno hilo tangu awe mkubwa. Nkwabi akaingia, akakaa, akalia na mwanawe bega kwa bega, wanaume wawili wenye miguu mirefu kama korongo.

Mimi sikulia. Mtu lazima awe na macho makavu aangalie moto.

Alasiri Mama Shija kaja na chungu cha uji. Wazee walimkataza. Nikamtazama. Akasema, "Nimeleta kwa sababu wewe hujawahi kujua kupika uji." Akakaa. Nyuma yake wakaja wengine wawili. Wakakohoa, wakanywa uji, wakasema habari za pamba.

Leo asubuhi Nkwabi kamnyoa Luka kichwa, pale kaburini. Nywele zimefukiwa.

Jumanne, 30 Agosti 1955

Nkwabi karudi mgodini. Salum na mkewe waliondoka Jumapili.

Wazee hawanisemeshi. Sawa.

Mlango nimerudisha.

Jumamosi, 10 Septemba 1955

Kapona? Hajapona. Anakula nusu. Analala mchana, asubuhi anatazama ukuta lakini anaamka. Jana kaninyang'anya ndoo akaenda kisimani. Nilimfuata kwa mbali nikijifanya naokota kuni. Alijua. Alirudi na maji.

Leo nilimwambia neno lililonishinda kumeza. Nilimwambia kama hutaki kurudi chuo, usirudi. Lima. Nitakuombea kazi ya karani Kahama kwa wanunuzi wa mpunga. Ng'ombe wapo.

Nimejisifu miaka miwili. Daktari wetu, daktari wetu. Sitaki kuwa bibi wa karani. Lakini sitaki kuwa bibi wa kaburi jingine.

Akasema hajui.

Nikamwambia sijui si jibu. Akasema, "Mama, masomo siyaogopi. Naogopa kile chumba. Naogopa ule mlango ukijifunga."

Hilo ni jibu.

Alasiri nimekwenda mjini kwa miguu, kwa Salum. Nimemwambia mwanangu anauogopa mlango, wewe unawajua watu kule, nisaidie. Sijawahi kuomba kitu kwa mtu wa pwani. Mwanaidi akasema kaka yake ni fundi wa nguo mji ule ule wa chuo, ana mke, watoto wengi, makelele. Kila Ijumaa baada ya sala wanakula sinia moja. Luka ataingia kwenye sinia. Nikasema huyu Mkristo. Mwanaidi akasema, "Bibi, pilau haina dini."

Na Salum atakwenda kumwona yule Mzungu wa bweni. Atamwambia Luka alifiwa na mama mzazi. Kwa neno lao la Kizungu, lisilo na njia mbili.

Jumatano, 21 Septemba 1955

Amesema atakwenda. Kasema akiwa anapanga kuni. Hakunitazama.

Sijafurahi. Nilidhani nitafurahi.

Alhamisi, 29 Septemba 1955

Ameondoka kwa treni ya Mwanza. Salum kafuatana naye mpaka ng'ambo.

Stesheni jua kali. Nimempa michembe na karanga, kabeba bila kubisha, zamani aliona aibu mbele ya wenzake. Koti limesinyaa kwa maji ya lambo, halikunyooka vizuri. Shingo yake nyembamba ndani ya kola kama mti ndani ya ndoo.

Nikamwambia mlango wako uache wazi. Akasema Mama, haiwezekani, vitu vitaibiwa. Nikasema viibiwe. Nikamwambia ukisikia mwenzako yeyote kafiwa, Mganda, Mjaluo, yeyote, usiseme pole unatembea. Ingia, kaa chini. Kohoa kama huna la kusema.

Nikamwambia likizidi rudi. Hakuna atakayekucheka, na akikucheka nitamshughulikia.

Akasema ndiyo, Mama. Hakusema atashinda. Nilitaka aseme. Treni ikapiga filimbi, akapanda, akakaa upande wa pili, sikumwona tena.

Nilirudi kwa miguu. Sikupumzika popote.

Ijumaa, 14 Oktoba 1955

Mawingu ya mvua yamekaa upande wa Mhunze. Bado. Nimesafisha shamba la karanga, mgongo unauma.

Salum amerudi. Anasema alimfikisha. Yule Mzungu alisikiliza, kainamisha kichwa, kampa Luka chumba kingine, cha watu wawili. Mwenzake anatoka Bukoba, anakoroma. Vizuri, akorome.

Nimemuuliza anakula? Akasema siku aliyokuwepo alikula. Siku aliyokuwepo. Mtu huyu hasemi uongo hata pale ningetaka aseme.

Nimeongeza mawe kaburini kwa Kabula kabla ya mvua. Nimekaa naye kidogo. Nimemwambia mtoto wako kavuka.

Sijui kama atamaliza. Sijui hata kama Krismasi nitamwona akija kwa miguu yake. Najua leo Ijumaa. Jua limeinama. Kwa fundi wa nguo watakuwa wameshanawa mikono, sinia katikati.